Nilivyoitafutia Mashine ya Alizeti Adabu

Tangu nirudi, kila anayenikuta gengeni ananiuliza swali lilelile: "Mama Hadija, ni kweli ulikwenda kununua kompyuta ukarudi na kisanduku cha bati?" Nikianza kujibu, shemeji yangu Ramadhani anadakia na kusimulia yeye, na katika masimulizi yake mimi nimelia njia nzima. Sikulia njia nzima. Nililia mara moja tu, tena kwa hasira. Ndiyo maana nimeamua kuandika, maana karatasi haidakiwi.

Kwa wasiojua, mimi na mume wangu tuna mashine ya kukamua alizeti hapa Ulaya, hii ya wilayani Kilosa, siyo ile ya Wazungu, na mwendeshaji wake ni Ramadhani, mdogo wake mume wangu. Mwaka jana umeme ulikatika katikati ya kazi. Ramadhani akasahau kushusha ile swichi kubwa ya zamani yenye mkono wa chuma, akaingiza mkono kutoa mashudu, yale makapi ya alizeti, yaliyoganda. Umeme ukarudi. Mashine haikumuuliza mtu. Ilianza kuzunguka yenyewe, ikaondoka na ncha za vidole viwili vya mkono wake wa kushoto.

Alipopona alikuja mpaka mlangoni, akaitazama mashine kwa muda mrefu, akaniambia, "Shemeji, mimi na huyu basi. Siku atakayojifunza kungoja aambiwe, mniite."

Tulijaribu waendeshaji wengine wawili. Wa kwanza alitoa mafuta meusi mpaka wateja wakauliza kama ni ya gari. Wa pili alikaza mashine mpaka mkanda ukatoa moshi. Mkono wa Ramadhani tu ndio unaojua kukaza kwa kiasi. Na sasa alizeti ilikuwa inavunwa, magunia yameanza kuja, na wenye magunia wakiona mlango umefungwa walikuwa wanayageuza na kwenda nayo kwingine. Nikaona bila kutafuta kifaa cha kuifundisha ile mashine adabu, tutakosa msimu na tutamkosa mtu.

Ulaya kwenda Kilosa

Kabla ya kuondoka nilitaka kwenda nikiwa na vipimo, nisionekane mshamba. Mtengeneza simu akaniazima testa, kile kipimo cha umeme chenye waya mwekundu na mweusi, akanionyesha pa kugusa na pa kutogusa. Nikachagua Ijumaa saa saba mchana, kwa sababu wanaume walikuwa wamekwenda msikitini na hapakuwa na mtu wa kunisimamia begani na kunielekeza. Volti mia nne na mbili. Nikapima tena: mia nne na moja. Nikaandika kwenye daftari, nikapiga mstari chini yake kwa rula. Nilijiona fundi kamili.

Jumamosi asubuhi nikapanda bodaboda ya Seba. Seba ni dereva mzuri ila mdomo wake hauna breki. Nilifanya kosa la kumwambia kwamba natafuta kompyuta ya kuendesha mashine, maana nilikuwa nimeiona kwenye video: kisanduku chenye kioo na taa za kijani, mtu anabonyeza, kiwanda kizima kinatii. Kila tuliposimama, Seba alitangaza, "Mama huyu anakwenda kuchukua kompyuta!"

Njiani tukasimamishwa na ng'ombe. Kundi lilikuwa linavuka barabara, na walipofika katikati wakaona pale ndipo pazuri pa kupumzikia. Tulikaa nusu saa nzima. Mama mmoja wa Kimaasai aliyekuwa anauza maziwa ya mgando akaniuliza kama kompyuta yangu itaweza kutoa nakala ya cheti cha kuzaliwa cha mwanawe. Nikamwambia hapana, ni ya alizeti. Akanitazama kwa huruma, kisha akaniongezea maziwa kikombe kikajaa mpaka ukingoni.

Nilidhani hayo yameishia pale. Kumbe habari imenitangulia kwa simu. Nilipofika Kilosa kwa binamu yangu Mwanahawa, nilikuta watu wawili wameketi kibarazani na karatasi mkononi. Mmoja alikuwa na barua ya maombi ya kazi, mwingine ana muhtasari wa kikao cha harusi. Walikuwa wanangoja niwachapie. Ilibidi niwaombe radhi kwa duka la kuchapa ambalo sikuwahi kulifungua, na yule wa harusi aliondoka amenuna.

Baada ya ugali na kambale, Mwanahawa akanipeleka kwenye duka la vifaa vya umeme. Kijana wa duka alikuwa amevaa miwani ya jua humo humo ndani.

"Mambo vipi, mama?"

Nikanyamaza. Mimi nina miaka hamsini na mbili. Nikampa muda ajirekebishe.

"Karibu sana, bosi wangu."

Nikazidi kunyamaza, lakini shikamoo haikuja. Kijana akaendelea na biashara yake kana kwamba tumezaliwa siku moja. Akaniwekea mezani kisanduku, na lazima niseme ukweli, kilikuwa kizuri. Kilikuwa na kioo na vitaa, na waya zake zinaingia kwa mpangilio mpaka unapenda.

"Hii ndiyo habari ya mjini," akasema. "Ina kumbukumbu. Mashine ikisimama, inakutumia ujumbe kwenye simu."

"Mashine ikisimama nitasikia. Nyumba yangu ni ya pili kutoka ilipo."

"Sawa, lakini ukiwa safarini?"

"Nikiwa safarini haifanyi kazi. Niambie hivi: umeme ukikatika kisha ukarudi, itangoja iambiwe?"

"Hiyo inategemea na programu, bosi."

"Programu anaandika nani?"

"Kuna jamaa Morogoro, anakuja na laptop yake."

"Na nikitaka kubadilisha kitu?"

"Anakuja tena."

Nikamfungulia daftari langu. Aliposoma mia nne na mbili akapiga mluzi. "Umeme wako umenyooka, mama! Huu unastahili vifaa vya maana." Akaongeza kifaa cha pili pembeni ya kile, mlinzi wa umeme. Akasema atampanga kwenye volti mia tatu themanini, na umeme ukishuka chini ya hapo mashine haitawaka, ili mota isiungue. Alipotaja bei ya vyote viwili nikawaona ng'ombe wawili wa maziwa wakipita mbele ya macho yangu, na ndama mmoja nyuma yao.

Pamoja na hayo, mkono wangu ulikwishaingia kwenye mkoba. Msinisifu kwamba niliona mbali. Sikuona chochote. Kilichonizuia ni shikamoo. Nilijiambia, huyu ameshindwa kunisalimia mimi ninayeonekana, ataujuaje umeme usioonekana? Nikasema nakwenda kulinganisha bei.

"Poa, mama," akajibu.

Poa! Nikatoka, na Mwanahawa alikuwa ananikimbilia nyuma akicheka. Jioni ile akanielekeza kwa fundi mmoja wa Mikumi, Fundi Danieli, mzee aliyefanya kazi ya umeme viwandani maisha yake yote na sasa anatengeneza pampu na mashine za watu. Nikaapa mbele ya binamu yangu kwamba sirudi nyumbani mpaka nimepata kitu. Kiapo hicho kilinitesa kuanzia kesho yake asubuhi.

Kilosa kwenda Mikumi, kupitia mlangoni kwangu

Jumapili nilipata lifti mbele kwenye lori la mahindi, nimeketi na dereva mwenye tabia ya kuongea na gari lake. "Twende mama, twende, usiniangushe." Mwanzoni nilikuwa namwitikia, nikidhani ananiambia mimi.

Barabara ya kwenda Mikumi inapita kwetu Ulaya. Tulipofika kwetu, hatua kama mia kutoka nyumbani, tukasikia mlio wa chuma na lori likainama upande mmoja. Springi imekatika. Dereva akashuka, akachungulia, akasema ni saa moja tu. Mnajua saa moja ya dereva wa lori. Tulikaa tano.

Mume wangu akatokea. "Umerudi?"

"Sijarudi. Napita."

"Unapita wakati umekaa?"

"Lori limekaa. Mimi napita."

"Basi njoo ndani unywe chai."

"Nimeapa sirudi nyumbani mpaka nipate kitu."

Aliniangalia, akaliangalia lori, akaenda zake. Baadaye alirudi na maji ya kunawa, ugali, mlenda na dagaa, akanitengea kwenye kivuli cha lori, pembeni ya barabara, kama mgeni wa heshima aliyekosa pa kulala. Majirani wakaanza kupita makusudi. "Karibu Ulaya, Mama Hadija. Umetokea wapi?" Dereva alikula nusu ya ugali wangu na kusema huko kwetu watu ni wakarimu sana.

Ramadhani naye akaja, mkono wa kushoto mfukoni kama kawaida yake tangu ile ajali.

"Shemeji, kompyuta iko wapi?"

"Haijapatikana."

"Afadhali. Ungeanza kutuamkia kwa Kiingereza."

Tukacheka, kwa sababu shemeji na shemeji ndivyo tulivyo. Kisha akachuchumaa karibu yangu na sauti yake ikabadilika. Akaniambia amepata kibarua cha kukata miwa kule bondeni. Wanaondoka Jumatatu, si ya kesho, ya wiki inayofuata. Mke wake amekwishaanza kumfulia nguo.

"Kwa mkono huo, Ramadhani?"

"Mkono ninao huu huu, shemeji. Watoto hawali mkono mzima wala mkono mbovu. Wanakula ugali."

Hapo ndipo nililia. Nilimfikiria na panga kwenye miwa, na vidole vile vinavyokufa ganzi asubuhi ya baridi, nikalia kwa hasira: hasira ya mashine, ya lori, ya kijana mwenye miwani, na yangu mwenyewe, kwa sababu swichi ile ya zamani niliinunua mimi kwa kuwa ilikuwa rahisi. Ramadhani akababaika. Akaniletea maji, akasema basi, shemeji, kula dagaa.

Mikumi

Tuliingia Mikumi jioni. Malori yamejipanga barabarani, moshi wa nyama choma umetanda. Fundi Danieli nilimkuta nyumbani kwake, nyuma ya kwa mziba pancha, bado amevaa shati jeupe la kanisani. Amenizidi miaka kama kumi na tano hivi.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Watoto hawajambo? Mume? Na mashine haijambo?"

Aliiulizia mashine kwa utaratibu uleule wa watoto, na hapo hapo moyo wangu ukatulia. Akanionya kwamba Jumapili hauzi kitu wala hashiki bisibisi, lakini kuongea si kazi. Mkewe akaleta chai na mihogo ya kuchemsha.

Sikutegemea maswali yake. Aliuliza nani anaiendesha mashine, nani anafagia chini yake, mashudu yanatoka upande gani, na mtu akitaka kuyatoa anatumia mkono upi. Nikamweleza habari ya Ramadhani, na ya kijana wa duka na mlinzi wake wa umeme. Akasikiliza bila kunikatiza. Mwisho wake nikamtolea daftari langu kwa fahari. Akaweka miwani, akasoma, akakunja uso.

"Mia nne na mbili? Ulaya?"

"Nimepima mara mbili."

"Ulipima lini?"

"Juzi. Ijumaa, saa saba mchana."

Fundi akavua miwani. "Pale kwenu kuna mashine ngapi?"

"Za unga nne, ya mpunga moja, na yetu."

"Na Ijumaa saa saba zinafanya nini?"

Ijumaa kuanzia saa sita Ulaya nzima inazima mashine, watu wanakwenda kuswali. Zote sita zinalala. Mimi mwenyewe nilichagua saa ile kwa sababu ya ukimya huo huo.

Mzee yule alicheka mpaka akashika meza. Mkewe akatoka jikoni kuuliza kuna nini, akaelezwa, akacheka naye. "Mwanangu," akasema fundi akijifuta macho, "umeupima umeme ukiwa mapumzikoni. Ungeupima kazini. Sasa ungemnunua yule mlinzi wa mia tatu themanini, unajua nini kingetokea? Mashine yako ingekamua alizeti Ijumaa wakati wa swala tu. Na Ramadhani wako asingekuwepo, yuko msikitini!"

Nilicheka nao, nikalirudisha daftari mkobani. Ng'ombe wawili na ndama wao walikuwa wamebakiza dakika moja wapotee.

Fundi akapanga kazi. Kesho Jumatatu saa nne asubuhi, mashine zote zikiwa zinalia, mume wangu apime tena. Yeye atakuwa Vidunda, kule mlimani, kuikagua mashine ya unga ya Bibi Agnesi, aliyomfungia miaka mingi iliyopita. Niende naye nikakione kifaa kinachonifaa kikifanya kazi.

Vidunda, mlimani

Bodaboda zilitupandisha mpaka mahali fulani, madereva wakaitazama njia iliyobaki, wakadai pikipiki zimepata moto. Tukaendelea kwa miguu. Fundi alikuwa anapanda na mkoba wa vifaa mgongoni huku akiongea. Mimi nilikuwa nashika magoti kwa zamu.

Kilichoniokoa ni salamu. Kule mlimani huwezi kumpita mtu hivi hivi. Kila tuliyekutana naye alisimama, tukaamkiana, akaulizia mvua, ugonjwa, na mtoto wa fundi aliyeko Dodoma. Nilianza kuwatafuta watu kwa macho. Nikimwona mzee anatelemka kwa mbali naharakisha kumwamkia, ili nipate kupumua.

Bibi Agnesi ana miaka sabini na kitu na sauti ya mtu aliyezoea kuongea juu ya mashine. Alitukaribisha kwa ndizi za kuchemsha na maharage, akatuombea chakula kwa sala ndefu kidogo kuliko njaa yangu. Tukaenda kwenye mashine. Kwenye ukuta kulikuwa na kisanduku cha bati cha kijivu chenye kitufe cha kijani na kitufe chekundu. Basi. Hakina kioo.

"Onyesha, bibi," akasema fundi.

"Nionyeshe nini? Umeme hakuna tangu alfajiri."

Tukaangaliana. Nimepanda mlima ule wote. Bibi Agnesi akaona uso wangu, akajifunga khanga vizuri, akasimama katikati ya chumba. "Nitakuonyesha mimi. Angalia. Nabonyeza kijani." Akajibonyeza begani. "Ta! Nguuuuuu." Akaanza kunguruma na kuzungusha mikono, na wenye mahindi yao waliokuwa wanasubiri nje wakaja kuchungulia. "Nasaga. Nasaga. Umeme unakatika: ta!" Mikono ikaanguka. "Sasa umeme umerudi."

Akanyamaza. Akasimama mikono kiunoni, ananitazama bila kupepesa. Nikangoja. Watu mlangoni wakangoja. Mimi ndiye niliyeshindwa.

"Halafu?"

"Halafu nini? Sijaambiwa kitu!"

Watu wakampigia makofi. Fundi akanieleza kwa maneno ya kawaida. Ndani ya kile kisanduku kuna kontakta, swichi inayojishikilia kwa sumaku. Ukibonyeza kijani, sumaku inashika na mashine inawaka. Umeme ukikatika, sumaku inaachia. Umeme ukirudi, haishiki tena mpaka mtu abonyeze.

"Wewe huhitaji kompyuta," akasema. "Hiyo ni ya mwenye kazi ishirini za kupanga kwa zamu. Wewe una moja: iwake ikiambiwa, izime ikiambiwa, isiwake bila kuambiwa. Na bado, mtu haingizi mkono mpaka ameshusha swichi kuu. Hilo hakuna kifaa kitakachokufanyia."

Saa nne ikafika. Mtandao wa simu ulipatikana kwenye jiwe moja tu nyuma ya kanisa, na lazima usimame juu yake. Nikampigia mume wangu, naye alikuwa ameshika testa kwa mara ya kwanza maishani.

"Umevaa viatu?" nikamuuliza.

"Nimevaa vile vya sikukuu ya Idi."

"Haya, gusa pale nilipokueleza jana kwa simu."

Nyuma yake nikasikia mashine za unga zikilia. "Mia tatu thelathini!"

"Umesoma vibaya."

"Anayesoma ni mimi au wewe uliye mlimani?"

"Pima tena!"

"Mia tatu ishirini na nane!"

"Mia tatu ishirini na nane?" nikapiga kelele, maana mtandao ulikuwa unakwenda na kurudi. Nilipogeuka, kina mama watatu waliokuwa wanafagia kanisa walikuwa wameacha kufagia. Mmoja akaniuliza kwa hofu kama hiyo ndiyo bei mpya ya gunia la maharage huko chini. Wakati natelemka kwenye jiwe, habari ya bei ya maharage ilikwishavuka nyumba ya pili.

Fundi alisikia namba akaitikia kwa kichwa tu. Kwa umeme mnyonge namna ile, akasema, kontakta ya kawaida itatetemeka na kujiunguza. Kwa hiyo atafunga yenye sumaku ya volti ishirini na nne, na pembeni yake kifaa kidogo cha kugeuza umeme, ambacho hakijali umeme umeshiba au una njaa, kinatoa ishirini na nne zilezile. Ataweka pia kinga ya kuizima mota ikizidiwa. Bei yake yote ilikuwa mbuzi wa kawaida watatu. Sikubisha hata kidogo, na wanaonijua wanajua hilo si jambo dogo.

Mikumi kurudi Ulaya

Jumanne fundi alikiunga kisanduku, mimi nikiwa nimekaa kwenye stuli nikimkabidhi skrubu na kula karanga. Jumatano tukapanda gari la kurudi, kisanduku nimekipakata. Jirani yangu kwenye kiti, mzee mwenye kofia ya vito, alikuwa anakitazama tangu tunaondoka. Hatimaye akashindwa kujizuia, akabonyeza kitufe chekundu. Gari likasimama.

Lilisimama kwa sababu ya pancha. Lakini jaribu kuwaeleza watu. Abiria wa nyuma wakapaza sauti kwamba mama mwenye mtambo azime mtambo wake, na dereva mwenyewe, mtu mzima, alinijia akaniomba kwa upole nibonyeze ile ya kijani. Nikabonyeza, ili yaishe. Tairi lilipobadilishwa na gari likawaka, mzee wa kofia akaniambia kwa sauti ya chini, "Ni kitu kikubwa hicho. Kitunze."

Ulaya: kuusubiri umeme ukatike

Jioni ileile fundi alikifunga. Akaiwasha mashine kwa kitufe cha kijani, akashusha swichi kuu, akaipandisha tena, mashine ikatulia tuli. Mimi nikataka kupiga vigelegele. Ramadhani alikuwa amesimama mlangoni, hakuvuka kizingiti.

"Hapo mmeuzima wenyewe," akasema. "Mashine inawaona. Nataka umeme ukatike wenyewe na urudi wenyewe, kama siku ile."

Fundi akaeleza kwamba mashine haina macho na haijui nani amekata. Ramadhani akamwitikia kwa heshima zote na hakusogea. Sikumlaumu. Vidole vilikuwa vyake.

Tukasubiri umeme ukatike. Enyi ndugu zangu, mimi nimeishi hapa miaka yote, nimekula gizani, nimepiga pasi nusu shati, lakini sijawahi kuona umeme mzuri kama wa wiki ile. Alhamisi nzima haukupepesa. Ijumaa pia. Wapita njia waliacha hata kusalimia, wanauliza tu, "Bado?" na sisi tunajibu, "Bado." Fundi Danieli alikataa kuondoka kabla ya kuona mwisho wake, akawa anamla kuku wangu wa tatu. Mimi na mume wangu ndio tulioiendesha mashine siku hizo, na mafuta yalitoka mabaya vilevile. Nyumbani kwa Ramadhani begi lilikwishafungwa.

Jumamosi saa tano asubuhi nilikuwa namimina alizeti nikasikia ta! Mashine ikapunguza mlio, ikalala. Redio ya kinyozi ikakatika katikati ya neno. Kisha barabara nzima ikashangilia, "Umekatikaaa!" na watu wakapiga makofi. Mgeni aliyekuwa anapita na baiskeli alishuka kabisa atuangalie vizuri.

Ramadhani alikuja akasimama mahali pake pa mlangoni. Hakuna aliyegusa kitu. Tulikaa hivyo karibu saa nzima, na hakuna aliyekuwa na utani, hata yeye. Mume wangu alikuwa anazungusha tasbihi kimyakimya. Mimi nilikuwa naiomba ile mashine kama mtu: tafadhali, leo tu, tulia.

Umeme ukarudi. Mashine ya unga ya jirani ikalipuka kuunguruma yenyewe, ikafuata ya pili, ikafuata ya mpunga. Redio ya kinyozi ikaendelea na habari zake. Kwenye kisanduku chetu taa ndogo nyeupe ikawaka, kuonyesha umeme umefika. Mashine yetu haikutikisika.

Ramadhani akavuka kizingiti. Akaizunguka mashine mara moja, polepole. Akainama akasikiliza. Nje, mama mmoja aliyekuwa amekalia magunia yake akapaza sauti, "Jamani, za wenzenu zimewaka, yenu imekufa?"

"Haijafa, mama," Ramadhani akamjibu. "Inaningoja mimi."

Akatuambia tusogee. Akatutazama mikono, mmoja mmoja, kuhakikisha hakuna aliye karibu. Kisha akabonyeza kijani.